Upanga, Uchawi na Mlima: Nguvu Hupimwa kwa Siku Nzima

Wapenzi wa michezo ya mezani ya visa vya kubuni wana ubishi mmoja usiokwisha: kati ya mpiganaji wa upanga, mchawi, kasisi na mwizi, nani mkali zaidi mapambano yakianza? Katika michezo hii, ambayo maarufu kuliko yote ni Dungeons & Dragons, kila mchezaji huongoza mhusika mmoja, msimamizi hueleza nchi, hali ya hewa na maadui, na dadu huamua kama pigo limempata adui au limepita kando. Kila mhusika ana fani yake, na kila fani ina namna yake ya kushambulia, kujikinga na kuokoa wenzake. Kwa kawaida ubishi huamuliwa kwa hesabu ya pigo: nani anatoa madhara mengi zaidi kwa zamu moja. Kipimo hicho ni kifupi mno. Nguvu ya fani hujulikana jua likishazama, baada ya kuhesabu mapambano mangapi yamepiganwa kabla ya kupumzika, katika ardhi ya namna gani, na pamoja na nani. Anayepanga sehemu kubwa ya hayo matatu ni msimamizi. Kwa hiyo yeye, pengine bila kujua, ndiye anayemchagua mkali kabla dadu ya kwanza haijarushwa.

Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, inafaa sana kuwa uwanja wa kulijaribu dai hili. Kando ya Ziwa George nchi iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ni tambarare ya nyasi. Ukielekea mpaka wa Kongo unafika Bwera na soko la Mpondwe, penye msongamano wa watu na mizigo. Ukipanda milima ya Rwenzori unapita msitu, mianzi na matope hadi kwenye barafu na kilele cha Margherita, mita 5,109. Ni nchi chache zinazompa msimamizi ardhi za aina nyingi hivi katika mwendo wa siku chache. Tena kanuni zenyewe hazina bei: tangu Januari 2023, kiini cha kanuni za toleo la tano kimewekwa chini ya leseni inayomruhusu yeyote kunakili, kutafsiri na kutunga juu yake. Kijana wa Bwera mwenye simu anaweza kuzipata. Dadu za ludo zinatosha kwa hesabu za pande 6, na ile ya pande 20 huigizwa na programu ya simu.

Tuanze na asili ya mchezo, maana humo ndimo tofauti ya upanga na uchawi ilimozaliwa. Kabla ya Dungeons & Dragons kulikuwa na Chainmail, kitabu cha 1971 cha kanuni za vita vya sanamu ndogo za askari, ambacho Gary Gygax alikitunga pamoja na Jeff Perren. Katika nyongeza yake ya visa vya kubuni, bonge la moto la mchawi lilihesabiwa sawasawa na mtambo mkubwa wa kurushia mawe, na radi yake sawa na mzinga. Mchawi aliingia mezani akiwa silaha nzito. Mwaka 1974 Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons yenye fani tatu, yaani mpiganaji, mchawi na kasisi, walichukua pia wazo kutoka kwa mwandishi Jack Vance kwamba uchawi hukaririwa, na ukishatumika hufutika kichwani hadi ukaririwe upya. Mchawi wa ngazi ya kwanza alikuwa na tendo moja tu la uchawi kwa siku. Mwizi aliongezwa mwaka 1975. Waasisi walijua kwamba fani hazilingani, wakajaribu kusawazisha kwa muda wa kukua: ili kufika ngazi ya pili mpiganaji alihitaji pointi 2,000 za uzoefu, mchawi 2,500, kasisi 1,500, na mwizi 1,200. Tangu mwanzo, basi, swali la nani mkali lilikuwa na swali jingine ndani yake: kwa muda gani?

Tuchukue sasa kanuni za toleo la tano za mwaka 2014, ambazo ndizo msingi wa zile zilizowekwa huru Januari 2023, tupige hesabu. Wahusika wawili wako ngazi ya tano, kila mmoja ana nyongeza ya 4 katika sifa yake kuu na 3 ya ujuzi. Adui ana kiwango cha kinga cha 15, kwa hiyo kila pigo lina nafasi ya asilimia 65 ya kumpata. Mpiganaji ana upanga wa mikono miwili, dadu mbili za pande 6 na nyongeza ya 4, na hupiga mara mbili kwa zamu. Ukijumlisha na mapigo ya bahati yanayoongeza dadu, wastani wake ni madhara 15 kwa zamu. Anaweza pia kujisukuma na kupiga maradufu mara moja, kisha lazima apumzike kidogo ndipo arudie. Mchawi ana matendo tisa ya uchawi kwa siku, na mara moja kwa siku mapumziko mafupi humrudishia moja kubwa. Silaha yake kuu, bonge la moto, hutoa dadu nane za pande 6 kwa kila aliye ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 6. Adui wa kawaida anayejaribu kulikwepa hupata wastani wa madhara 23. Akiba ikimwishia mchawi, hubaki na cheche ndogo ya moto isiyokwisha, yenye wastani wa 7.7 kwa zamu, karibu nusu ya upanga.

Fikiria sasa siku ya pambano moja la zamu nne dhidi ya adui mmoja. Mpiganaji, pamoja na kule kujisukuma, hutoa 75. Mchawi akirusha mabonge mawili ya moto na miale ya moto mara mbili, hutoa kama 76. Wamelingana. Wakiwa maadui watatu waliokaa karibu, mchawi hufika 168 na mpiganaji yuko palepale kwenye 75. Hapo ndipo husikika sauti ya wanaosema mchawi ni mfalme wa mchezo. Lakini kitabu cha msimamizi cha 2014 chenyewe kinakadiria kwamba kikosi kinaweza kuhimili mapambano sita hadi manane ya wastani au magumu kati ya usingizi na usingizi. Chukua sita, zamu nne kila moja, na mapumziko mafupi mawili katikati. Mpiganaji hutoa 405 siku nzima. Dhidi ya adui mmojammoja, mchawi huishia 263, kwa sababu zamu kumi na nne kati ya ishirini na nne amebaki na cheche. Dhidi ya maadui watatu wanaoingia katika kila bonge la moto, hufika 402. Wahusika ni walewale na silaha ni zilezile, lakini mchawi anaweza kumzidi mwenzake zaidi ya mara mbili, kulingana naye, au kuachwa nyuma kwa theluthi moja. Kilichobadilika ni idadi ya maadui na idadi ya mapambano.

Mtaalamu wa mchezo atapinga papo hapo kwamba mchawi hodari haendi vitani kuhesabu madhara. Atatandaza utando mzito wa kunasa miguu, au atawapumbaza maadui watano kwa rangi za kuzunguka, na kazi ya kuwamaliza atawaachia wengine. Pingamizi hili ni la kweli na ni zito, kwa sababu adui aliyepoteza zamu yake ni sawa na adui ambaye hakupiga. Hata hivyo, utando na rangi hizo hutoka katika ghala lilelile la matendo tisa. Zaidi ya hayo, kanuni humtaka mchawi ashikilie uchawi wa namna hii kwa umakini, na kila akijeruhiwa arushe dadu kuona kama umakini umekatika. Mchawi wa ngazi ya tano mwenye siha nzuri ana pointi za uhai kama 32, mpiganaji wa siha hiyohiyo 44, tena ndani ya deraya ya chuma. Uchawi wa kufunga maadui unastawi pale tu palipo na mtu wa kusimama mbele kuzuia njia. Pingamizi hili linaonyesha kwamba thamani ya mchawi ni pana kuliko madhara. Haliondoi ukweli kwamba ina mwisho kila siku, na kwamba sehemu yake ni mkopo kutoka kwa aliyemkinga.

Mwizi na kasisi wanalithibitisha jambo hilohilo kwa njia tofauti. Mwizi wa ngazi ya tano mwenye upinde mfupi huongeza dadu tatu kwa pigo la kuvizia, akawa na wastani wa 12.4 kwa zamu, na hahitaji akiba wala mapumziko yoyote. Ila dadu hizo hazipatikani isipokuwa adui ameshughulishwa na mwenzake aliye karibu, au mwizi mwenyewe yuko mahali pa faida kama mafichoni. Peke yake uwanjani hubaki na mshale mmoja wa kawaida. Kasisi naye, kwa hesabu ya madhara, ni dhaifu, na hata uponyaji wake mara nyingi hauzidi majeraha ambayo adui anaongeza. Lakini neno lake dogo la kuponya humrudisha mpiganaji aliyeanguka, na mpiganaji aliyesimama tena ni zamu nyingine ya madhara 15. Pigo hilo litaandikwa kwa jina la mpiganaji, ingawa bila kasisi lisingekuwepo. Orodha inayopanga fani moja baada ya nyingine kwa takwimu za mtu mmojammoja inamnyima kasisi malipo yake na kumpa mwizi sifa ambazo nusu yake ni za mwenzake.

Ardhi nayo ina sauti yake. Katika tambarare za Hifadhi ya Malkia Elizabeth, kusini mwa mji wa Kasese, adui huonekana kwa mbali. Bonge la moto hufika mita 45 hivi, lakini upinde mrefu unaweza kujaribu hadi mita 180, ingawa baada ya mita 45 shabaha hupungua. Kundi la maadui linalotembea kwa nafasi halitoi duara zuri la kulipua, na mpiganaji aliyejifunza upinde ana zamu kadhaa za kupiga kabla mchawi hajafikiwa. Mhamishe huyo mchawi hadi soko la Mpondwe, ambako maadui watatu wamejichanganya na wabebaji, wanunuzi na magunia. Hapa wako karibukaribu kama anavyopenda, lakini bonge la moto halichagui, na kanuni zinasema wazi kwamba huwasha kila kitu kinachoweza kuungua ambacho hakikuvaliwa wala kubebwa. Wapo wachawi waliobobea katika uchawi wa moto ambao wanaweza kuwanusuru watu wanne ndani ya mlipuko wao. Sokoni watu wanne ni wachache, na vibanda havinusuriki hata hivyo. Humo mwizi ndiye bingwa, mpiganaji wa pili, na mchawi hulazimika kutafuta tendo la utulivu, kama kumgandisha mtu mmoja mahali alipo.

Mlimani mambo huwa magumu zaidi, na ya kuvutia zaidi. Kitabu cha msimamizi kina kanuni ya nchi za juu: kuanzia kimo cha futi 10,000, yaani mita 3,050 hivi, kila saa ya mwendo huhesabiwa kuwa mbili kwa asiyezoea. Safari ya kawaida ni saa nane kwa siku; anayezidisha hurusha dadu kujinusuru na uchovu. Weka kanuni hiyo juu ya njia inayojulikana ya kupanda Rwenzori kutoka Nyakalengija. Kibanda cha Nyabitaba kiko kama mita 2,650, bado chini ya mstari. Kibanda cha John Matte kiko kama mita 3,500, tayari juu yake. Kutoka hapo njia ya kwenda Bujuku hupita matope ya Bigo, ambayo msimamizi yeyote atayaita ardhi ngumu, na ardhi ngumu hukata mwendo kwa nusu. Saa nne tu za njia hiyo zinamaliza siku ya mgeni. Ukungu unapozuia macho, upinde mrefu na bonge la moto vyote hupoteza umbali wao, na pambano huanza watu wakiwa wameshakaribiana. Usingizi kamili hupatikana mara moja tu kwa saa ishirini na nne. Msimamizi akiwaletea adui njiani, kibandani na usiku, mchawi ataanza kuhesabu akiba yake kwa hofu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hapa pana pingamizi ambalo mtetezi wa upanga hapaswi kulikwepa. Uchovu wenyewe hauwatendi wote sawa. Katika toleo la 2014, aliyefikia kiwango cha tatu cha uchovu hurusha dadu mbili kwa kila pigo na kulazimika kuchukua iliyo ndogo. Mpiganaji, ambaye riziki yake yote ni kupiga, huumia mno: nafasi yake ya asilimia 65 hushuka hadi karibu asilimia 42. Bonge la moto halirushiwi dadu ya kupiga, adui ndiye anayerusha ya kujinusuru, kwa hiyo mchawi aliyechoka bado huunguza vilevile. Mlima mkali kupita kiasi unaweza basi kumrudishia mchawi taji. Hilo halivunji hoja, linaipa makali. Halitoshi kusema kwamba siku ndefu humfaa mwenye upanga. Lazima useme urefu huo umetokana na nini, na nani analipa gharama yake. Siku yenye mapambano mengi humla mchawi. Siku yenye mwendo mwingi wa kuchosha humla mpiganaji, ingawa siha yake bora humwezesha kuchelewa kufika huko.

Kwamba mlima hugawa nguvu upya si jambo la kwenye karatasi tu, na watu wa Kasese hawahitaji kufundishwa. Mnamo tarehe 30 Juni 1962 Isaya Mukirane na wenzake walitangaza kujitenga kwa Rwenzururu kutoka Ufalme wa Toro, baada ya malalamiko ya muda mrefu ya Wakonzo na Waamba. Ukilinganisha silaha kwa silaha, mikuki na bunduki chache za upande mmoja zisingestahili hata kutajwa mbele ya jeshi la serikali. Mukirane alifariki mwaka 1966, na bado harakati iliendelea mlimani hadi makubaliano ya 1982, takribani miaka ishirini. Kulikuwa na sababu za kisiasa pia, lakini mlima ulikuwa na kazi yake: aliyeujua ndiye aliyechagua lini apigane, wapi ajifiche na lini apumzike. Mfano huu una mpaka wake. Vita vya kweli vina makaburi, na Kasese ina misiba ya miaka ya karibuni ambayo haistahili kugeuzwa hesabu za mchezo. Kinachochukuliwa hapa ni kanuni moja tu: ubora wa silaha na uwezo wa kuchagua wakati ni mambo mawili tofauti, na la pili linaweza kulifuta la kwanza.

Watasema wengine kwamba haya yote ni nadharia, kwa sababu vikundi vingi havichezi mapambano sita kwa siku ya mchezo. Jioni ni fupi, pambano moja hula saa nzima, na kisa huenda vizuri kukiwa na pambano moja au mawili makubwa kisha kulala. Ni kweli, na ndiyo sababu malalamiko kuhusu ubabe wa mchawi hayaishi. Msimamizi anayewapa wachezaji wake pambano moja kisha usingizi amemwambia mchawi amwage ghala lote kwa dakika moja, huku akimnyima mpiganaji kile alichouziwa, yaani kudumu. Ushahidi wa nguvu uko katika toleo la nne la mwaka 2008. Watunzi wake waliamua kumaliza ubishi kwa kuzipa fani zote mpango uleule: mapigo yasiyokwisha, mengine ya mara moja kwa pambano, mengine ya mara moja kwa siku. Kila fani ilitambuliwa kwa kazi yake kikosini: kuzuia, kuumiza, kuongoza, au kuudhibiti uwanja. Pengo likapungua kweli, lakini wachezaji wengi walilalamika kwamba fani zote zimekuwa na ladha moja, na toleo la 2014 likazirudisha ratiba tofauti. Tofauti ya fani, kwa kiasi kikubwa, ni tofauti ya ratiba ya kupumzika. Ukiifuta unapata usawa na kupoteza ladha. Ukiirudisha unapata ladha, na msimamizi anabaki na mzigo wa kusawazisha.

Lipo pingamizi la mwisho, na ndilo lenye nguvu kuliko yote: ngazi za juu. Mpiganaji wa ngazi ya 11 hupiga mara tatu na wa ngazi ya 20 mara nne. Hapo ndipo mwisho wake. Mchawi wa ngazi ya 9 huweza kuhamia mbali kichawi papo hapo, na wa ngazi ya 17 huweza kutamka haja yake na ikatimia. Ghala lake huwa kubwa kiasi kwamba hata kwa siku ndefu haliishi, na mbaya zaidi, huweza kumpokonya msimamizi ile ratiba yenyewe: akichoka hufungua mlango wa kichawi na kulala salama. Katika ngazi hizo hoja ya siku nzima hudhoofika, na ni haki kukiri kwamba mchawi hushinda. Lakini angalia ameshinda kwa njia gani. Kilichomwinua ni uwezo wa kuamua lini apigane na lini apumzike, na hicho ndicho kipimo kilekile tulichokuwa tukikitumia.

Kwa hiyo kikundi kinachotaka kuanza mchezo huu Bwera, Kasese au kwingineko hakina haja ya orodha ya fani kutoka bora hadi duni. Kina haja ya maswali matatu kwa msimamizi kabla ya kuchagua: tutapigana mara ngapi kabla ya kulala, maadui watakuja kwa makundi au mmojammoja, na tutakuwa porini, sokoni au mlimani? Akijibu kwamba ni pambano moja kubwa kila jioni, chukueni wachawi na msione haya. Akisema safari ndefu yenye kuvamiwa mara kwa mara, mpiganaji na mwizi ndio uti wa mgongo, na kasisi ndiye anayewafanya wadumu. Asipojua kujibu, chagueni mmoja wa kila fani, kisha mumtazame yeye kwa makini kuliko mnavyotazama dadu. Mchezaji anayelalamika kwamba fani yake ni dhaifu mara nyingi ana kesi ya haki, ila ameipeleka kwa watunzi wa kitabu ilhali mshtakiwa ameketi upande wa pili wa meza.